Sinia la Ukimya

Saa sita na dakika ishirini mchana Sajini Merrin Teague aliingia Makumbusho ya Sanaa ya Fenwick akiwa amelowa mpaka soksi, mfukoni ana pai ya kome iliyokwisha kupoa, sikioni ana simu, na ndani ya simu ana Inspekta Boyle. Mvua ya Hobart ya mwezi wa saba, ambao huku kusini ni katikati ya baridi, haina adabu. Inakupiga ubavuni, halafu upepo wa mlimani unakuja kumalizia kazi.

"Saa nane, Teague," Boyle alikuwa akisema. "Saa nane kamili nataka yule mlinzi awe kituoni, mashtaka yameandikwa. Wiki nzima unazunguka tu. Kadi ni yake, mlango umefunguliwa kwa kadi yake, picha haipo. Unataka nini tena, akuandikie barua?"

"Nataka picha, bosi."

"Picha atatuambia mwenyewe akishalala ndani siku moja." Akakata.

Merrin aliirudisha simu mfukoni, juu ya pai. Alikuwa na saa moja na dakika arobaini, na hakuwa na chochote cha kumpa Boyle isipokuwa shaka.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kila majira ya baridi makumbusho ya Fenwick yalitoa maonyesho manane ya muziki wa fidla na piano, Jumatano mchana, bure, yeyote aingie. Jumatano iliyopita, wakati onyesho la sita likiendelea ukumbini chini, mtu alipanda ghorofani, akafungua chumba namba tisa, akaitoa kwenye fremu picha ya Mwanamke na Bata Watatu, akatoweka nayo. Picha ndogo, unaweza kuikumbatia, iliyochorwa na Isobel Farrant zaidi ya karne moja iliyopita. Mtambo wa milango ulikuwa umeandika kila kitu: saa saba na dakika tisa, mlango wa chumba namba tisa, kadi ya Falaniko Leota, mlinzi. Saa saba na dakika kumi na saba, mlango huohuo, kadi ileile, kutoka ndani. Kamera ya ghorofani ilikuwa imefunikwa nailoni tangu mafundi wa paa waanze kazi. Ni haohao mafundi walioona fremu tupu kupitia kioo cha mlango saa saba na nusu na kuita polisi. Mikoba yote ilipekuliwa siku ile, hata miavuli ilifunguliwa. Picha haikuonekana.

Ukumbini, Thelma Quigg alikuwa akipanga viti. Thelma alikuwa na miaka sabini na tisa na ndiye mkuu wa wanaojitolea. Aliyekosea akataka kukaa kwenye kiti cha Thelma alijua amekosea kabla hajafika chini.

"Umekuja kumchukua Falaniko," alisema bila kugeuka.

"Nimekuja kukuuliza kuhusu sinia, Bi Thelma. Mara ya mwisho."

Thelma akamwongoza hadi kwenye meza ya mapokezi. Chini ya meza kulikuwa na sinia la shaba lililotandikwa kitambaa kizito cha sufu. "Redio inarekodi kila onyesho, mwanangu. Kwa hiyo saa saba kasorobo kila mlinzi anaweka humu funguo, kadi, redio ya mkononi, kila kinacholia. Tunaliita sinia la ukimya. Mwaka juzi funguo za mlinzi mmoja zililia katikati ya kipande cha taratibu, watu wakaandika barua redioni mwezi mzima."

"Na meza hii inalindwa na nani?"

"Na mimi, mpaka muziki uanze. Ukianza naingia ndani, nafunga mlango, nakaa. Falaniko anabaki nje hapa, pale kwenye mlango mkubwa, kaupa mgongo huu upande."

"Kwa hiyo mtu akipita hapa akachukua kadi, akairudisha baada ya dakika kumi?"

"Hata wawili wangepita." Thelma akanyoosha kitambaa kwa kidole. "Sinia hili analijua kila anayefanya kazi humu. Mimi nilimwambia yule konstebo wako, akaandika, akafunga daftari. Siku yenyewe nayo ilikuwa ya balaa. Mvua, miavuli kila kona, na lile basi lililoleta watu kutoka ng'ambo ya mto ambao hawajui adabu za onyesho. Nilitaka niwaseme wakitoka. Halafu picha ikaibwa, nani atazungumza adabu tena?"

"Dakta Lascelles hakuwasema?"

"Dakta?" Thelma akatoa sauti puani. "Dakta hajawahi kunywa chai na sisi hata siku moja. Sijui kama anajua jina langu."

Dakta Rupert Lascelles, mhifadhi mkuu wa picha, alikuwa akimsubiri Merrin ghorofani, chumba namba tisa, skafu shingoni na saa mkononi. Fremu tupu ilikuwa palepale ilipokutwa, polisi walikataza kuiondoa. Ilisimama sakafuni, uso umegeukia ukuta, na chini yake kulikuwa na vitalu viwili vya sponji vilivyovishwa kitambaa.

Merrin alichuchumaa mbele yake kwa mara ya nne wiki ile. "Mwizi mwenye huruma na fremu," alisema.

"Ndivyo fremu inavyowekwa chini, Sajini. Ukiiweka kwenye sakafu tupu unaumiza pembe zake."

"Ndivyo wewe unavyoiweka. Leota haruhusiwi kugusa hata kamba. Hivi vitalu vinakaa wapi?"

"Kabatini, huko nje. Leota amezunguka humu miaka kumi na moja. Hata kasuku hujifunza."

Merrin akainuka, magoti yakamlilia. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilishamwambia konstebo wako."

"Mimi siyo konstebo wangu."

Lascelles akashusha pumzi. "Ukumbini. Nyuma, kwenye nguzo, karibu na mlango mdogo wa wafanyakazi. Huwa nasimama, mgongo wangu hauelewani na vile viti."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu nota ya kwanza mpaka ya mwisho. Wapigaji wanne, kipande cha sehemu nne, na ile sehemu ya pili walinitoa machozi. Na wasikilizaji wetu, Sajini, ndio fahari ya nyumba hii. Wanaingia bure lakini wanajua wanachosikiliza. Hakuna aliyepiga kofi mpaka nota ya mwisho ilipozimika kabisa. Sehemu inakwisha, kimya. Nyingine inakwisha, kimya. Utasikia wapi kimya cha namna hiyo?"

"Siyo uwanjani ninakokwenda mimi."

"Sidhani," alisema Lascelles. Akatazama saa yake. "Utaniwia radhi. Nina makasha matatu ya picha za kuazimwa, yanakwenda Melbourne leo kwa meli. Lori linaondoka saa nane na nusu."

Merrin aliandika: *nguzo, mlango mdogo, tangu mwanzo*. Watu wawili walikuwa wamemwona Lascelles pale nguzoni mwanzo, na wengi walimwona mwisho. Katikati watu wa muziki wanatazama mbele. Akapiga mstari chini ya maneno yake, akashuka, akijua kwamba mstari siyo ushahidi.

Falaniko Leota alikuwa chumba cha chai cha wafanyakazi. Alikuwa mtu mpana wa miaka hamsini na nane, Msamoa, mwenye sauti inayotoka chini kabisa ya kifua. Mbele yake kulikuwa na bakuli la plastiki la tambi na nyama, na pembeni sare yake, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa.

"Nimeirudisha mapema," alisema. "Sitaki wanivue mbele ya watu."

Merrin akavuta kiti. "Inspekta anakutaka saa nane."

"Najua." Akasukuma bakuli. "Kula, dada. Hiyo pai inanuka tangu mlangoni."

Merrin hakukataa. Alikula vijiko vitatu huku akifungua faili. Leota alikuwa akitazama mikono yake.

"Mchungaji kaniambia Jumapili nisiongoze sauti ya besi kwenye kwaya," alisema. "Nipumzike kidogo. Miaka ishirini naongoza, sijawahi kuambiwa nipumzike. Mashtaka yakiandikwa, leseni ya ulinzi imekwenda, hiyo naelewa, nitafagia. Lakini kanisani nitaingiaje? Mama yangu anakaa mstari wa mbele. Ana miaka themanini na sita, na bado hajaambiwa. Tunamdanganya kwamba nina mafua."

"Ulimwambia konstebo kila kitu?"

"Kila kitu. Aliandika anachotaka."

Merrin alikuwa ameyasoma maelezo ya Leota mara nyingi mno kiasi kwamba hayasomi tena, anayapitia tu. Sasa aliyasoma neno kwa neno, kidole kwenye karatasi. *Nilisimama mlango mkubwa. Sikuondoka. Muziki nilikuwa nausikia kupitia upenyo wa mlango wa ukumbi. Baada ya sehemu ya kwanza watu wakapiga makofi, nikacheka.* Hapo konstebo alikuwa ameongeza kwa mwandiko wake: *Mshukiwa anachekacheka, hana majuto.*

Merrin akaacha kutafuna.

"Makofi gani haya?"

"Ya wale wa basi." Leota akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. "Hawajawahi kuja. Fidla ziliponyamaza wakadhani imekwisha, masikini, wakapiga makofi kwa nguvu zote. Kumbe ni sehemu ya kwanza tu. Kuna sheria, unajua, hupigi mpaka mwisho. Halafu nikamsikia Bi Thelma anawanyamazisha, *shhhh*, mpaka huku nje. Ningeachaje kucheka?"

"Ulimsimulia nani? Au nani alikusimulia?"

"Nani? Saa saba na dakika arobaini konstebo alishaniweka garini. Onyesho lilikuwa bado linaendelea. Nilikaa humo mpaka alipomaliza kuandika maelezo yangu."

Merrin alichomoa simu. Ijumaa iliyopita redio ilikuwa imemtumia rekodi nzima ya onyesho, na yeye hakuifungua, kwa sababu alidhani fidla haina la kumwambia polisi. Alijitukana kimoyomoyo, akaibonyeza. Mtangazaji alitaja saa: saa saba kamili. Merrin akasogeza mbele, dakika kumi, kumi na moja. Fidla zikapanda, zikashuka, zikakata. Kisha makofi, makofi ya kweli, na mluzi wa mtu mmoja mwenye furaha zake, na juu ya yote *shhhh* ndefu ya Thelma Quigg. Dakika ya kumi na mbili na sekunde nne.

"Saa saba na dakika kumi na mbili," Merrin alisema. "Mwizi aliingia chumba namba tisa dakika ya tisa, akatoka ya kumi na saba. Makofi yalipopigwa alikuwa ndani."

Leota alimtazama. Kisha akasema polepole, "Na mimi niliyasikia."

"Usifurahi bado. Boyle atasema uliyasikia ukiwa kule juu. Ni saa ngapi?"

"Saba kasoro dakika tatu."

"Wapigaji wakiingia, watu wanawapigia makofi?"

"Daima. Hapo inaruhusiwa."

"Basi simama pale mlango mkubwa, mahali pako pa siku ile. Makofi yakianza nipigie simu, na usikate."

Alipanda ngazi mbili mbili. Chumba namba tisa kilikuwa kimya, ila mvua ilikuwa ikitwanga ile nailoni ya mafundi wa paa. Merrin alifunga mlango, akasimama mbele ya fremu tupu, akasikiliza. Simu ikatetemeka.

"Wameingia," Leota alinong'ona. "Wanapiga. Wengi leo, dada. Unasikia?"

Kwenye simu makofi yalisikika kama mahindi yanayokaangwa. Merrin akaiweka simu kifuani, akaziba kipaza sauti kwa kiganja, akasogea mpaka mlangoni, akalaza sikio kwenye mbao. Mvua na nailoni tu. Alingoja kitambo, akairudisha simu sikioni mpaka Leota aliposema wamekaa, wanaanza, na kupitia mlango hakuwa amesikia hata kofi moja.

Kwa hiyo aliyekuwa chumba hiki Jumatano iliyopita hakuyajua yale makofi. Na mtu mmoja alikuwa ameapa, mara mbili, kwa konstebo na kwake, kwamba hakuna aliyepiga. Lascelles alikuwa amesimulia onyesho kama lilivyo kila Jumatano, miaka yote. Hakufikiria kwamba siku moja ukumbi huo ungevunja sheria.

Merrin alikuwa akigeuka kuondoka alipoona kitu dirishani. Chini, nyuma ya jengo, lori jeupe lilikuwa limerudi kinyumenyume hadi mlango wa mizigo. Saa yake ilisema saa saba na dakika nne. Lilipaswa kuondoka saa nane na nusu.

Alikimbia. Ngazi, ujia, ujia mwingine, mlango wa chuma. Ndani ya ghala Ngaire Tipoki, fundi wa kufunga makasha, Mmaori mwenye penseli sikioni, alikuwa amesimama mikono kiunoni. Kasha moja lilikuwa tayari ndani ya lori. Lascelles alikuwa akiwahimiza wapakiaji.

"Shusheni," Merrin alisema. Pumzi zilikuwa hazimtoshi.

"Meli haitusubiri, Sajini. Nimeona bora tuwahi."

"Shusheni hilo kasha."

"Huwezi kulifungua. Picha zimeshazoea hewa ya humo, ukifungua kwenye baridi hii rangi itapasuka. Utalipa wewe?"

"Hati yangu ya upekuzi ni ya jengo zima, na ina siku mbili bado." Merrin akamgeukia Ngaire. "Haya makasha umeyafunga wewe?"

"Yote matatu. Jumatatu ya wiki iliyopita." Ngaire alikuwa akilitazama lile kasha la lorini kwa jicho la mtu aliyekuta mgeni jikoni mwake. "Nilikuwa namwambia Dakta hapa, kabla hujaja. Lile siyo mkono wangu."

"Unajuaje?"

"Njoo uone." Akamvuta Merrin mpaka kwenye kasha la karibu. "Skrubu zangu zote, mfereji wa kichwa unasimama wima. Moja baada ya nyingine. Marehemu baba alinifundisha hivyo, ikilegea unaiona kwa macho. Haya mawili, tazama, wima. Sasa nenda kalione lile."

Merrin akapanda lorini. Skrubu kumi na nne, kila moja imetazama inakotaka.

Akashuka polepole. Lascelles alikuwa amesimama wima, skafu imemlegea.

"Dakta, swali moja tu. Jumatano iliyopita, sehemu ya kwanza ilipokwisha, nani alipiga makofi?"

"Hakuna. Nilishakwambia."

"Una uhakika?"

"Nilikuwepo."

Ngaire akacheka kwa mshangao. "Basi zima lilipiga, Dakta. Nilikuwa mapumziko, nilikaa katikati yao. Mzee mmoja alipiga mluzi, Thelma nusura amle."

Macho ya Lascelles yalikwenda kwenye lori, yakarudi, na Merrin alimwona jinsi anavyoipitia ile Jumatano kichwani, sehemu moja baada ya nyingine, akitafuta makofi ambayo hakuwa nayo.

"Bisibisi," Merrin alisema.

Ngaire mwenyewe ndiye aliyefungua, skrubu kumi na nne, akiziweka kwenye kofia yake. Ndani kulikuwa na picha kubwa ya bandari. Aliitoa na mwenzake mmoja, wakailaza kifudifudi juu ya sponji, akafungua ubao wa mgongo. Kati ya ubao na turubai kulikuwa na kifurushi cha karatasi nyeupe, kimefungwa vizuri, pembe zote nne zimekingwa kwa kadibodi. Ngaire akafunua upande mmoja. Bata watatu, na mkono wa mwanamke unaowamwagia nafaka.

"Angalau ameifunga vizuri," alisema Ngaire.

"Nataka wakili," alisema Lascelles, na hilo ndilo neno pekee walilolipata kwake siku ile.

Saa saba na dakika thelathini na mbili konstebo alimpakia garini. Merrin akampigia Boyle, akamweleza kwa sentensi nne. Boyle akauliza kama mlinzi anafikiria kulalamika.

"Anafikiria kurudi kazini, bosi," Merrin alisema, akakata yeye safari hii.

Leota alikuwa palepale mlango mkubwa, kwa sababu hakuna aliyemwambia aondoke. Alipoambiwa picha imepatikana, alikwenda chumba cha chai, akarudi amevaa sare, vifungo vyote. Merrin akamrudishia kadi yake iliyokuwa kwenye mfuko wa ushahidi. Leota aliipokea, akaipeleka moja kwa moja kwenye meza ya mapokezi, akainama, akailaza kwenye sinia.

"Bado unaliamini hilo sinia?"

"Wanarekodi, dada," alisema Leota. "Mama huwa anasikiliza redioni."

Merrin alimfungulia mlango wa ukumbi. Watu mia moja na ushei walikuwa wamekaa chini ya picha, makoti yanatoa mvuke, na jukwaani mwanamke alikuwa akipiga selo, ile fidla kubwa, peke yake, taratibu mno, wenzake wakingoja. Wakasimama kwenye ukuta wa nyuma. Selo ilishuka, ikashuka zaidi, ikanyamaza. Sehemu ya pili ilikuwa imekwisha. Ukumbi wote ulishika pumzi kama ilivyo desturi, hakuna hata aliyekohoa.

Thelma Quigg aligeuza kichwa kutazama nani amethubutu kuchelewa. Akamwona Leota, akaiona sare. Akainuka kwenye kiti chake, miaka sabini na tisa, mbele ya redio na watu wote, akaanza kupiga makofi.

Mwanamke wa selo akashusha upinde. Vichwa vikageuka. Leota aliweka kidole mdomoni, machozi yanamtiririka.

"Bi Thelma," alinong'ona, "bado sehemu mbili."

Thelma hakuacha.